Kusafisha Picha na Kuchakachua Picha: Mpaka Uko Wapi?

Kabla simu hazijawa na kamera, mtu aliyemaliza filamu yake aliipeleka studio ikasafishwe. Kitenzi hicho, kusafisha, kilibeba kazi yote ya chumba cha giza: kuzamisha filamu kwenye dawa, kuichapa kwenye karatasi, kuongeza au kupunguza muda wa mwanga mpaka sura itokee vizuri. Hakuna aliyeona kwamba kusafisha ni kudanganya, kwa kuwa picha isiyosafishwa haikuwa picha bado. Miaka ya karibuni Kiswahili kimepata kitenzi kingine, kuchakachua, kilichovuma kwanza kwa habari za dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kikahamia kwenye kura, na sasa kinatumika hata kwa picha. Mjadala wote wa maadili ya picha za habari umo kati ya vitenzi hivi viwili. Wengi wetu tunadhani mpaka wake ni rahisi kuuona: rangi na mwanga ni kusafisha, kuongeza au kuondoa kitu ni kuchakachua. Nadhani mpaka huo haupo hapo, na tukio moja linalomhusu jirani yetu wa Kampala linaonyesha kwa nini.

Mwezi Januari 2020, wanaharakati watano vijana wa tabianchi walisimama mbele ya wapigapicha mjini Davos, Uswisi, wakati wa mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani. Wanne walitoka Ulaya: Greta Thunberg, Luisa Neubauer, Isabelle Axelsson na Loukina Tille. Wa tano, aliyesimama mwisho wa mstari, alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda. Shirika la habari la Associated Press, linalojulikana zaidi kama AP, lilisambaza picha iliyokatwa ukingo mmoja, na Nakate akaondoka pamoja na ukingo huo. Waliobaki ni Wazungu wanne na milima yenye theluji nyuma yao. Shirika lilieleza kwanza kwamba mpigapicha alikuwa akikimbizana na muda, na kwamba alikata ukingo ule kwa sababu jengo lililokuwa nyuma ya Nakate lilivuruga mpangilio wa picha. Nakate alijibu kwamba hawakufuta picha tu, bali wamefuta bara zima. Baadaye mhariri mtendaji wa AP, Sally Buzbee, alimwomba radhi.

Kwa macho ya fundi, picha ile haikuguswa. Hakuna kilichobandikwa, hakuna kilichofutwa kwa programu, na kila chumba cha habari duniani kinaruhusu kukata kingo za picha. Ni kazi ya kila siku, kama mhariri wa maandishi anavyopunguza aya. Hata hivyo uongo uliotokana nayo, kwamba vijana waliokwenda Davos kuutetea ulimwengu walikuwa wa Ulaya peke yao, ni mzito kuliko uongo wa picha kadhaa zilizowafukuzisha watu kazi. Kwa hiyo kuuliza "je, picha hii imeguswa?" hakutoshi. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: picha ya habari inamwahidi nini anayeitazama?

Naielewa ahadi hiyo kama kauli ya shahidi. Mpigapicha wa habari anamwambia msomaji kwamba mimi nilikuwepo na wewe hukuwepo, na lau ungesimama pale niliposimama, wakati ule ule, hiki ndicho ungekiona, na ungekielewa hivi. Sehemu zote za kauli hiyo zina uzito wake. Ukiharibu mahali, umedanganya. Ukiharibu wakati, umedanganya. Na ukimwachia msomaji vitu vyote vya kweli lakini ukamfanya avielewe kinyume, umedanganya pia, hata kama hukugusa chochote.

Ahadi hii haimbani kila anayetengeneza picha. Studio za pwani yetu zilikuwa na mapazia yaliyochorwa ndege, meli na majumba, na mteja aliyepigwa picha mbele ya ndege ya kuchora hakuwa na nia ya kumdanganya mtu kwamba amesafiri. Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa kuunganisha vipande vya picha mbalimbali kuwa picha moja, na kazi zake ni hazina ya sanaa ya Waswahili. Kitendo kile kile cha mikono, mkasi na gundi, kikifanywa studio ni ubunifu, na kikifanywa kwenye dawati la habari ni kughushi, kwa kuwa anayetazama picha ya studio hakuahidiwa ushahidi.

Kughushi ushahidi kulianza zamani, kabla ya kompyuta. Katika Urusi ya Kisovieti, Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, alipokwisha kuanguka madarakani na kuuawa mwaka 1940, alifutwa kwenye picha alimokuwa akitembea kando ya kiongozi wa nchi, Stalin. Yevgeny Khaldei, mpigapicha wa Kisovieti aliyepiga picha maarufu ya bendera ikipandishwa juu ya jengo la bunge la Ujerumani, Reichstag, mjini Berlin mwezi Mei 1945, alikwangua saa moja kwenye mkono wa mwanajeshi aliyeonekana amevaa saa mbili, kwa kuwa saa ya pili ingemfanya mtazamaji afikirie uporaji. Moshi nao uliongezwa angani. Kompyuta zilipoingia, uongo haukuwa tena kazi ya dola peke yake. Mwezi Februari 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi mbili za Giza karibu zaidi ili picha iliyopigwa kwa upana ienee kwenye jalada lililosimama wima. Mhariri wake alijitetea kwamba matokeo ni yale yale ambayo mpigapicha angeyapata kama angesogea hatua chache pembeni. Hoja hiyo inavutia, na bado watu wanaitumia leo, lakini jibu lake ni fupi: hakusogea.

Kutokana na aibu za namna hiyo, vyumba vya habari vilijiwekea kanuni inayosema kwamba mwanga unaruhusiwa kurekebishwa na vitu haviruhusiwi kusogezwa. Kinachoruhusiwa ni kile kilichofanywa katika chumba cha giza: kuangaza sehemu iliyozama kivulini, kutia weusi kidogo angani, kusawazisha rangi. Kanuni hii ni nzuri na imesaidia. Picha ya Paul Hansen ya mazishi ya watoto wawili huko Gaza ilishinda tuzo kuu ya World Press Photo, mashindano ya kimataifa ya picha za habari, mwaka 2013, na watu wengi wakaishuku kwa sababu mwanga wake ulionekana kama wa filamu za sinema. Wataalamu walilinganisha faili la awali na picha iliyochapishwa, wakakuta rangi na mwanga vimerekebishwa, kwa ujumla na katika sehemu mojamoja, lakini hakuna kitu kilichoingizwa wala kuondolewa. Tuzo ikabaki kwake.

Hata hivyo mwanga wenyewe unaweza kusema uongo. Mwezi Juni 1994, magazeti mawili ya Marekani, Time na Newsweek, yalitoa jaladani picha moja ya polisi ya mchezaji wa zamani wa soka la Kimarekani O. J. Simpson, aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji. Newsweek iliitoa kama ilivyo. Time iliitia giza, ngozi yake ikawa nyeusi zaidi na uso ukaonekana wa kutisha. Mhariri wa Time alieleza kwamba hakukuwa na nia ya ubaguzi, na kwa kweli ndani ya gazeti kulikuwa na maneno yaliyoonyesha kwamba jalada ni kazi ya msanii iliyotokana na picha. Lakini mpita njia aliyeyaona magazeti yale mawili yamepangwa pamoja kibandani hakufungua ukurasa wa ndani. Kila kiungo cha uso kilikuwa mahali pake, na bado mtu asiyehukumiwa alikuwa ameshatiwa hatiani kwa wino. Katika nchi ambayo weusi wa ngozi umetumika kwa karne nyingi kama dalili ya hatari, kuongeza weusi huo ni kuongeza shtaka.

Kwa upande wa vitu, kisa kinachofundisha zaidi ni cha Brian Walski, mpigapicha wa Los Angeles Times aliyekuwa Iraki mwanzoni mwa vita vya mwaka 2003. Karibu na Basra alimpiga picha askari wa Uingereza akiwaelekeza raia waliochuchumaa chini. Katika picha moja askari alikuwa ameunyosha mkono kwa namna iliyovuta macho; katika nyingine, mwanamume aliyebeba mtoto alikuwa akimjia askari, lakini mkono haukuwa katika hali ile. Walski aliziunganisha mbili zikawa moja, na picha hiyo ikatoka ukurasa wa mbele tarehe 31 Machi. Gazeti la Hartford Courant, lililokuwa chini ya kampuni ile ile iliyomiliki Los Angeles Times, liliichapisha pia, na mfanyakazi mmoja wa huko akagundua kwamba baadhi ya raia walioketi nyuma wameonekana mara mbili. Siku iliyofuata Walski alifukuzwa kazi.

Watetezi wa picha za namna hii husema kwamba hakuna cha uongo ndani yake: askari alikuwepo, baba alikuwepo, mtoto alikuwepo, hata mkono ulinyooshwa kweli. Hoja hiyo inasahau kwamba picha haihesabu watu tu. Inaonyesha uhusiano kati yao kwa sekunde moja, na uhusiano ndio habari. Katika picha ya Walski, mkono wa askari mwenye bunduki unamkabili baba aliyembeba mwanawe, na msomaji anasoma amri, hofu, labda tishio. Mkono ule ulinyooshwa wakati mwingine, na baba yule alimjia askari wakati mwingine. Kiungo kati ya viwili hivyo, ambacho ndicho kilichoifanya picha istahili ukurasa wa mbele, kilitengenezwa na mtu mmoja kwenye kompyuta ndogo jangwani. Walski mwenyewe alikiri kosa na kuomba radhi, na simwoni kama mtu mwovu. Alikuwa amechoka na alitaka picha bora. Kwa sababu hiyo hiyo kisa chake kinaogofya: wengi wanaochakachua picha za habari hawana chuki na ukweli, ila wanataka uonekane vizuri zaidi ya ulivyoonekana.

Miaka kumi baadaye, Narciso Contreras, mmoja wa wapigapicha watano wa AP walioshinda tuzo ya Pulitzer ya mwaka 2013 kwa kazi yao Syria, aliondoa kamera ya video ya mwenzake iliyokuwa kwenye pembe ya chini ya picha ya mpiganaji. Aliijaza sehemu ile kwa kunakili udongo wa jirani. AP ilipogundua mwezi Januari 2014, ilizichunguza picha zake karibu 500, haikukuta nyingine iliyochezewa, na bado ikavunja uhusiano naye na kuziondoa zote kwenye hifadhi yake. Watu wengi waliona adhabu hiyo imepita kiasi, kwa kuwa kamera ile haikuwa na uhusiano na habari ya vita, na mtu aliyehatarisha maisha yake kwa miezi mingi alistahili huruma.

Nimeitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu na naielewa, lakini sikubaliani nayo. Kamera ile ilikuwa sehemu ya habari: ilimwambia msomaji kwamba mpiganaji hakuwa peke yake kilimani, kwamba palikuwa na waandishi kando yake, na pengine aliwajua kuwa wapo. Aliyeiondoa alitaka upweke ambao haukuwepo. Zaidi ya hapo, shirika linalosambaza maelfu ya picha kila siku kwa magazeti ambayo hayana njia ya kuzihakiki haliwezi kumwachia kila mpigapicha aamue mwenyewe kipi ni kidogo na kipi ni kikubwa. Msomaji wa Mwanza au Kisumu hana njia ya kumjua mpigapicha, anachojua ni jina la shirika lililoandikwa chini ya picha, na jina hilo ni la wapigapicha wote kwa pamoja.

Ugumu halisi unakuja pale nia inapokuwa huruma. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka katika treni za Madrid na kuua zaidi ya watu 190. Picha moja ya gazeti la El País, iliyosambazwa duniani na Reuters, ilionyesha majeruhi wakihudumiwa kando ya reli, na mbele yao, chini, palikuwa na kipande cha kiungo cha binadamu chenye damu. Magazeti kadhaa ya Uingereza yalikifuta kipande hicho na kuweka kokoto za reli mahali pake. Guardian ilikibadilisha rangi kikawa kijivu kama mawe. Waliofanya hivyo walimfikiria mtoto atakayeliona gazeti mezani asubuhi, na familia itakayojiuliza kama kiungo kile ni cha mtu wao. Naiheshimu huruma hiyo. Lakini wahariri hao walikuwa na njia nyingine: kukata picha pale inapowezekana bila kuipotosha, kuichapisha ndogo na bila rangi, kutia ukungu unaoonekana wazi kuwa ni ukungu, au kuchagua picha nyingine. Tofauti kati ya ukungu na kokoto bandia ni kubwa. Ukungu unamwambia msomaji, "hapa pana kitu nimekuficha, na unajua nimekuficha." Kokoto bandia zinamwambia kwamba hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba kukataza uchakachuaji ni kutaka kila kitu kionyeshwe. Baada ya shambulio la hoteli ya Dusit jijini Nairobi mwezi Januari 2019, New York Times ilichapisha picha ya wahanga waliouawa wakiwa bado mezani, na Wakenya walikasirika, wakauliza kama miili ya Wamarekani ingeonyeshwa hivyo hivyo. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lilitaka picha hiyo iondolewe. Picha ile haikuchezewa hata kidogo, na bado iliwakosea waliokufa. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza hilo ya mwaka 2013 ziliweka mambo haya mawili pamoja katika kifungu kimoja: zilitaka uangalifu katika kutumia picha zinazoweza kuwadhuru wahusika, zilikatisha tamaa picha za majonzi na maafa, na papo hapo zilisema kuchezea picha kwa namna inayopotosha uhalisia kuepukwe. Ninapenda maneno hayo ya mwisho kwa sababu kipimo chake ni upotoshaji wa uhalisia, si aina ya kifaa kilichotumika. Kwa kipimo hicho, jalada la Time limekosea ingawa hakuna kilichosogezwa, na picha ya Davos imekosea ingawa ilikatwa tu.

Kipimo hicho pia kinasaidia pale picha inapohama kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine. Mwezi Machi 2024, kasri la Kensington lilitoa picha ya Binti Mfalme Catherine wa Wales na wanawe, wakati ambapo dunia ilikuwa ikiuliza hali ya afya yake baada ya upasuaji. Kwenye albamu ya familia, kurekebisha mkono wa sweta ya mtoto ni jambo la kawaida. Lakini picha hii ilitolewa kwa vyombo vya habari ili ithibitishe kwamba mama yu salama, na kwa hiyo ilikuwa imeshakuwa ushahidi. Mashirika ya habari na picha ya AP, Reuters, AFP na Getty yaliona sehemu zisizoungana vizuri, yakawaamuru wateja wao waiondoe. Kesho yake Catherine aliomba radhi na kueleza kwamba alijaribu kuihariri mwenyewe, kama wafanyavyo wapigapicha wengi wasio wa kulipwa. Kosa lake halikuwa ubaya wa moyo. Picha ya pazia la studio ilikuwa imepelekwa mahakamani.

Leo akili unde inatengeneza picha ya tukio ambalo halikutokea kwa sentensi moja, na wengi wanatumaini teknolojia nyingine itatuokoa. Tangu mwaka 2021 muungano uitwao C2PA, wenye kampuni za kamera, programu na habari, unaandaa viwango vya kuambatanisha na picha kumbukumbu ya asili yake na ya kila hatua ya uhariri, na Leica ilitoa mwaka 2023 kamera inayotia sahihi hiyo pale pale picha inapopigwa. Ninaliunga mkono jambo hili. Shaka yenyewe ina madhara: huko Gabon, hotuba ya video ya Rais Ali Bongo ya mwaka mpya wa 2019, iliyotolewa baada ya miezi ya maradhi, ilishukiwa na wengi kuwa ya kughushi, na siku chache baadaye kikundi cha wanajeshi kilijaribu kupindua serikali. Watu wakizoea kwamba kila picha yaweza kuwa ya uongo, hata ya kweli inakosa kazi, na mwovu aliyepigwa picha ya kweli anapata pa kujifichia.

Lakini kumbukumbu ya aina hiyo ingesema nini kuhusu Davos? Ingeandika kwamba picha ilipigwa mahali fulani, saa fulani, kwa kamera fulani, na kwamba ukingo mmoja ulikatwa. Yote yangekuwa kweli, na alama ya uhalisi ingewekwa juu ya picha isiyo na Mwafrika. Mashine inaweza kuthibitisha kwamba hakuna kilichoongezwa. Kujua kwamba aliyesimama ukingoni ni sehemu ya habari, na kwamba jengo lenye sura mbaya ni bei ndogo ya kumbakiza, ni kazi ya mtu mwenye mkasi, na mtu huyo anatakiwa awe amefundishwa kuwaona wote waliosimama mbele yake.

Picha isiyokatwa ipo. Vijana watano wamesimama kwenye baridi, milima iko nyuma yao, na mwisho wa mstari yupo Vanessa Nakate katika koti lake. Nyuma yake lipo jengo.